Mwalimu aliyekataa picha zake: kisa cha uso mmoja na kiwanda kimoja (ua wa ndani wa nyumba), Lamu

Mteja alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mkaazi wa mtaa wa Mkomani, mwanamke aliyekwisha kuwa bibi wa wajukuu kadhaa. Shule aliyoiongoza ilitaka picha yake itundikwe ofisini kwenye safu ya waliomtangulia, kabla muhula wa Januari haujafunguliwa. Picha za simu zilikuwapo tele, naye alizikataa zote. Binti yake alinitumia nne kwa WhatsApp pamoja na ujumbe mfupi: "Mama asema afadhali ukuta ukae mtupu."

Ameridhia niandike kisa hiki mradi jina lake na picha yenyewe zisitoke, kwa hivyo itabidi nieleze kwa maneno kile ambacho wapigapicha hupenda kuonyesha. Nimeona kinafaa kuandikwa kwa urefu kwa sababu karibu kila kitu kinachoitatiza kazi ya picha za uso hapa pwani kilikuwepo kwa pamoja: uso wa mviringo, nyama chini ya kidevu, macho yasiyolingana, miwani, buibui jeusi mbele ya kuta nyeupe za chokaa, na mpigapicha mwanamume asiyeweza kunyoosha mkono amgeuze mteja wake shingo. Mafunzo yaliyojaa mtandaoni yanamdhania mtu aliyeachia nywele mabegani, amekaa kwenye studio ya taa tatu. Ukiyachukua kama yalivyo ukaingia nayo nyumba ya Lamu, nusu yake hayafanyi kazi.

Alichokuwa akikilalamikia

Kabla ya kutoa kamera tulikaa tukazitazama zile picha nne, yeye, binti yake na mimi. Nilimwomba aseme kila anachokichukia, asinionee haya. "Mato yangu hayalingani, mwanangu. Mashavu yamejaa fremu. Na hapa," akagusa chini ya kidevu, "hapa sikuwa napo."

La macho ni kweli, kope la jicho lake la kulia limelegea kidogo. Lakini nilimwuliza kama kwenye kioo cha chumbani jambo hilo humsumbua, akafikiri, akasema hapana. Ndivyo ilivyo kwa wengi wetu. Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, na uso tunaoujua kuwa wetu ni ule wa kioo. Picha ikituonyesha kama watu wengine wanavyotuona, kila kisicholingana kimehamia upande wa pili na kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani Mita, Dermer na Knight waliwaonyesha watu picha zao za aina mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa. Wenyewe walielekea kuipenda iliyogeuzwa, na marafiki zao wakaipenda ya kawaida. Nilimgeuzia moja ya zile picha kwenye simu, na papo hapo akasema hiyo ina afadhali. Jambo hilo peke yake liliondoa sehemu kubwa ya malalamiko, na halikuhitaji taa wala lenzi.

Kilichobaki kilikuwa cha haki, na kila picha kati ya zile nne ilikuwa na kosa lake.

Ya kwanza ni selfi iliyopigwa na mjukuu, nyanya ukingoni mwa fremu, simu ikiwa umbali wa mkono mmoja. Hapa ni hesabu tu, na kwa kuwa mwalimu mwenyewe alisomesha hesabu nilimwandikia kwenye karatasi. Kutoka ncha ya pua hadi masikio kuna kama sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 40 kutoka puani, masikio yako sentimita 52. Kwa hivyo pua inachorwa kubwa kwa asilimia 30 ikilinganishwa na kilicho usawa wa masikio. Rudi nyuma hadi mita 2, na sentimita hizo hizo 12 zinaleta tofauti ya asilimia 6 tu. Watu husema ni lenzi ya simu, lakini ni umbali. Lenzi ndefu, tuseme ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), inasaidia kwa kuwa inakuruhusu usimame mbali na bado uso ujae. Kisha kuna ule ukingo: lenzi pana huvuta kila kilicho pembeni mwa picha kuelekea nje, ndiyo maana kwenye picha ya kundi anayesimama mwisho hunenepa bila kula. Mashavu "yaliyojaa fremu" yalitoka huko.

Ila usirudi mno. Kuna wapigapicha wanaopenda lenzi ya milimita 200 na kusimama karibu na mlango wa jirani, wakidhani umbali hauna mwisho wa uzuri. Uso wa mviringo ukipigwa kutoka mbali sana hulala bapa, mashavu yaliyokuwa yakirudi nyuma yanasimama sambamba na pua, na uso unazidi kupanuka. Kwa uso kama wake, mita moja na nusu hadi mbili ndipo pangu.

Ya pili ilipigwa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, mchana kweupe. Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita linakaa karibu na utosi mwaka mzima, na mashimo ya macho yanageuka visima. Ya tatu ni ya harusini, fleshi ya simu ikampiga usoni moja kwa moja. Poda aliyopakwa ilirudisha mwanga huo ikawa uso wa kijivu juu ya shingo ya kahawia. Ya nne ilikuwa na kichujio cha urembo. Hiyo niliifuta machoni pake, kwa idhini yake.

Picha moja aliyoipenda

Binti yake ndiye aliyekumbuka kwamba ipo picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio Mombasa kabla ya ndoa. Ikaletwa kutoka kabatini. Enzi hizo kupiga picha ya studio kulikuwa ni jambo la kujiandalia, na pwani ilikuwa na mafundi wake. Lamu yenyewe ilikuwa na marehemu Omar Said Bakor, ambaye picha zake za kuunganisha, vipande vya picha kadhaa katika moja, zinaandikwa na wasomi hadi leo. Aliyempiga mwalimu hatumjui. Lakini alikuwa fundi, na picha yake ilinipa mpango mzima wa kazi.

Picha ya uso husomeka ukijua pa kutazama. Kwanza tazama ndani ya mboni. Ile nukta nyeupe ni taswira ya taa yenyewe, na mahali ilipokaa panasema taa ilikuwa wapi. Hapa ilikuwa juu kidogo kulia kwa mtazamaji, pale akrabu fupi inaposimama saa nane mchana. Maana yake taa ilikuwa kushoto kwake yeye, juu ya usawa wa macho. Kivuli cha pua kilikuwa kifupi, kikishuka kuelekea pembe ya kulia ya mdomo wake bila kuufikia. Uso ulikuwa umegeuzwa kidogo upande wake wa kushoto, kuelekea taa, hivyo shavu la kulia, lililo karibu na kamera, limekaa kivulini na limeonekana pana kwa umbo lakini hafifu kwa nuru. Jicho hukimbilia kwenye nuru. Sehemu yenye nuru ilikuwa ile nyembamba, ya shavu la mbali, na uso wote ukasomeka mwembamba.

La pili nililiona baadaye kidogo, na lilinifurahisha. Kwa kumgeuza kushoto, yule fundi alilileta jicho la kulia, lile dogo, karibu zaidi na kamera. Kilicho karibu huchorwa kikubwa. Tofauti ni chache, lakini kope lililolegea nalo ni jambo la milimita chache. Macho yalikuwa sawa.

Kwa hiyo swali halikuwa tena "tumpigeje", lilikuwa "tupate wapi mwanga wa namna hii katika nyumba hii".

Darini, kisha kiwandani

Mwalimu alitaka tuanzie darini, juu ya nyumba, chini ya makuti. Kuna upepo wa kaskazi, kuna mandhari ya mji, na wageni wote wa hoteli hupigwa picha huko. Tulipanda. Mwanga wa chini ya makuti ni mlaini kweli, lakini unaingia kutoka pande zote nne, na sakafu nyeupe iliyopigwa na jua nje ya kivuli inaurusha kutoka chini pia. Uso ambao hauna upande wa kivuli hauna umbo. Mifupa ya mashavu ilipotea, taya ikaungana na shingo, na nyama ya chini ya kidevu, ambayo kwa kawaida hujificha kivulini, ikaangazwa kama iliyoalikwa. Kwa kijana mwenye uso wa mifupa mahali pale pangefaa. Tukashuka.

Ufukweni sikupapendekeza. Asubuhi jua linatoka upande wa Manda na kumulika ukuta wote wa bahari, mtu anakaa kafinya macho. Na zaidi ya hilo, mama wa watu hataki kukaa akipigwa picha mbele ya mabaharia na punda wanaopita. Daka la mlango, kile kibaraza cha kuingilia, lina mwanga mzuri mno, wa kichochoro, lakini ni la hadhara vilevile.

Kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba ya mawe, ndicho kilichobaki, na ndicho kilichotufaa. Ukisimama katikati yake mwanga unatoka juu peke yake, na uso unapata yale yale ya Mkunguni kwa upole zaidi. Siri ni kutokaa katikati. Msana wa nyumba hii, ukumbi ulio wazi upande mmoja, unafunguka upande wa kaskazini kuelekea kiwandani, nasi tulimkalisha ndani ya msana, chini ya dari ya boriti, kama hatua mbili kutoka ukingoni. Dari inamziba anga la juu ya kichwa. Anachokiona mbele yake ni kuta za kiwanda na kipande cha anga cha mshazari, na kile anachokiona yeye ndicho kinachomwangazia. Huu ndio utaratibu ninaompa yeyote asiye na taa: mkalishe mtu, kisha ukae wewe mahali pake, utazame. Chochote kilicho cheupe na kikubwa mbele ya macho yako ndiyo taa yako. Kikiwa juu sana, rudi ndani. Kikiwa kidogo na mbali, sogea nje.

Taa yetu ilikuwa ukuta wa magharibi. Akiangalia kaskazini, ukuta huo uko kushoto kwake, upande ule ule wa taa ya Mombasa. Saa tatu asubuhi jua la Januari lilikuwa linaupiga sehemu ya juu tu, kwa kuwa ukuta wa mashariki uliukinga. Mwanga uliomfikia ulikuwa bado wa juu, na ulichora kivuli chini ya nyusi. Tukangoja, tukanywa chai. Kadiri jua linavyopanda ndivyo mstari wake unavyoteremka ukutani, na kwenye saa nne kasoro robo chokaa yote kuanzia kimo cha mtu kwenda juu ilikuwa inawaka. Ukuta mzima ukawa taa moja kubwa, laini, ya pembeni, iliyo juu kidogo ya macho. Nilijua hatuna muda mrefu. Ikikaribia saa tano jua hugusa sakafu, na mwanga unaanza kurushwa kutoka chini kama ule wa darini.

Ukubwa wa taa hii una maana ya pekee kwa ngozi nyeusi. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake zaidi kwa vivuli. Ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mng'aro, ule mwako unaopita juu ya mfupa wa shavu, kwenye paji na kwenye daraja la pua. Taa ndogo hutoa mng'aro mdogo mkali kama jasho. Ukuta wa chokaa hutoa mng'aro mpana uliotulia, na huo ndio unaouchonga uso. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi za picha za filamu za Kodak kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na athari zake ziliwafanya wengi wetu tuamini kwamba watu weusi ni wagumu kupiga. Ugumu ulikuwa wa kadi.

Kamera nayo ilikuwa na shida yake. Buibui likijaza fremu, kamera inadhani pana giza na kuzidisha mwanga hadi uso unapauka. Ukuta mweupe ukijaza fremu, inapunguza hadi uso unazama. Niliiambia ipime nukta moja tu, shavu lenye nuru, kisha nikafunga kipimo hapo na kuacha buibui na chokaa vijipange vyenyewe.

Buibui la pili

Chokaa ina ubaya wake: inarudisha. Upande wa kulia wa msana kulikuwa na ukuta mwingine mweupe, nao ulikuwa ukimrudishia mwanga shavuni na kukifuta kile kivuli tulichokitafuta. Binti yake alileta buibui lingine, tukalitundika kwenye kamba upande huo, karibu naye kadiri fremu ilivyoruhusu. Kitambaa cheusi kinanyonya, na hapo hapo mstari wa taya ulijitokeza. Hili halihitaji kununua kifaa chochote, na mimi naliona ni muhimu kuliko taa ya pili.

Lakini hapo kuna mvutano, kwa sababu jicho la kulia, lile dogo, sasa lilikuwa upande wa kivuli, na jicho dogo likikosa nuru linazidi kuwa dogo. Tulilisogeza buibui nyuma kidogo, lianzie usawa wa sikio, ili litie giza taya na upande wa shavu bila kufika mbele ya uso. Kisha tukamtandikia shuka nyeupe mapajani, nje ya picha. Ilirusha nuru kidogo kutoka chini, ya kutosha kufungua mashimo ya macho na kuweka nukta ndani ya mboni zote mbili, isiyotosha kuangaza kidevu. Shuka ilisaidia jambo jingine pia: kuna mkomamanga kwenye kile kiwanda, na majani yake yalikuwa yakitia ukijani chini ya taya. Ukijani wa namna hiyo ni kazi ngumu kuuondoa baadaye.

Ushungi unavyochora uso

Mtu aliyefunika nywele, umbo la uso wake halichorwi na nywele. Linachorwa na ukingo wa kitambaa. Mwalimu alikuwa ameufunga ushungi kwa pini chini ya kidevu, umebana pande zote, na kitambaa kilikuwa kikisukuma nyama ya mashavu mbele. Sikuwa na la kufanya kwa mikono yangu, wala sikutaka. Nilimwomba binti yake, nikatoka hadi walipomaliza. Walilegeza upande wa kulia, pini ikahamia pembeni karibu na sikio, na mkunjo mmoja ukashushwa mshazari kupita chini ya taya. Mkunjo huo ulifanya kazi mbili, kuificha ile sehemu "asiyokuwa napo" na kuupa uso mstari wa mshazari badala ya duara. Upande wa kushoto ukingo ulirudishwa nyuma kidogo, kwani ulikuwa ukitia kivuli shavuni kwa kuziba ile nuru ya ukutani.

Ni kwa ajili ya ukingo huo pia siupendi, kwa wateja waliofunga ushungi, ule mwanga unaoitwa wa Rembrandt, wenye pembetatu ya nuru chini ya jicho la upande wa giza. Unataka taa iwe mbali pembeni, na kitambaa kinaizuia kabla haijafika. Unapata pembetatu iliyovunjika, na jicho lililozama.

Kugeuza shingo kwa maneno

Alitaka kukalia kiti cha enzi cha ukoo. Ni kizuri, lakini mgongo wake umesimama wima na mikono yake iko juu. Mtu mfupi akiweka mikono hapo mabega yanapanda na shingo inapotea. Akiegemea nyuma, kidevu kinarudi ndani. Tulikubaliana kiti cha enzi kiwe cha picha ya mwili mzima, na ya uso akalie stuli, ukingoni, miguu chini.

Maelekezo yote niliyatoa kwa kufanya mwenyewe. Nilikaa mbele yake nikageuza mwili kwangu, naye akafuata. Mwili kulia kidogo, uso urudi kushoto kwenye ukuta unaowaka, lakini si hadi shingo ikakamae. Kisha lile gumu kuliko yote, paji mbele. Ukimwambia mtu "inua kidevu" unaona matundu ya pua. Ukimwambia "shusha kidevu" nyama inajikusanya. Anachotakiwa ni kusogeza uso mzima mbele kuelekea kamera, kisha kidevu kishuke kidogo tu. Ngozi ya chini ya taya inavutika na mstari unatokea. Mtu anajihisi mjinga akifanya hivyo, kwa hiyo nilimwambia afanye kama kobe anayechungulia, na nikajifanya kobe mimi mwenyewe. Alicheka. Akafanya sawasawa mara moja, labda kwa sababu alishasomesha watoto wa darasa la kwanza na anajua somo linavyoingia.

Kamera niliiweka kama shubiri moja juu ya usawa wa macho yake. Juu zaidi ya hapo paji linakua na mtu anakuwa mtoto anayeitazama mbingu, jambo lisilomfaa mwalimu mkuu.

Miwani hakutaka kuivua, na alikuwa na haki, wanafunzi hawamjui bila miwani. Kioo hurudisha mwanga kwa pembe ile ile ulioingilia, kwa hiyo ukuta wote ulikuwa umekaa kwenye lenzi ya kushoto. Tuliinua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio, chini ya ushungi ambako haionekani, lenzi zikainama mbele, na ule weupe ukashuka hadi sakafuni. Uso kugeuka nusu inchi ukamaliza kilichobaki.

Jasho lilikuwepo, ni Lamu. Tishu ya kubonyeza, si ya kufuta, na poda hatukuweka kabisa.

Tabasamu pana alilikataa: "Si picha ya harusi." Tabasamu lililoagizwa nalo hukaza mdomo na kuacha macho yakiwa baridi. Nilimwomba anitajie, kwa mpangilio wa rejista, majina ya darasa lake la kwanza kabisa. Alianza, akakwama, akarudi mwanzo, akampata mmoja aliyekuwa mtoro, akaanza kumsimulia binti yake. Nilipiga kila alipomaliza sentensi. Wakati mtu amenyamaza lakini mdomo haujarudi mahali pake, kope za chini bado zimepanda, na kope za chini zikipanda macho mawili hukaribiana kwa ukubwa. Picha iliyochaguliwa ilitoka hapo, kabla jua halijagusa sakafu. Kisha tukaendelea na kiti cha enzi hadi adhana ya adhuhuri ilipotufungia kazi.

Baada ya kupiga

Tulizitazama zote papo hapo kwenye meza, naye ndiye aliyeshika kamera. Ambazo ukingo wa nywele ulitokeza zilifutwa mbele yake kwenye kadi, na nilimwonyesha kadi tena kuthibitisha. Huku kwetu hili si adabu ya ziada. Mpigapicha asiyefanya hivyo hapati kualikwa nyumba ya pili.

Kwenye kompyuta niliondoa upele mmoja wa kidevuni na uzi uliotokeza kwenye ushungi. Binti yake aliuliza kama naweza kupunguza mashavu "kidogo tu". Programu zinaweza, lakini nilikataa, nikamwekea picha ya selfi na hii mpya sawia kwenye kioo cha kompyuta. Ni mashavu yale yale. Mikunjo ya pembe za macho niliiacha, na alama nyeusi juu ya mdomo aliyozaliwa nayo niliiacha pia. Mwanafunzi wa miaka ya nyuma akiingia ofisini ataitafuta kabla ya kusoma jina.

Nilikwenda shuleni kuutazama ukuta kabla ya kuchapisha. Picha zilizotangulia zimewekewa vioo na ziko mkabala na madirisha, kwa hiyo ukisimama mlangoni unaona madirisha badala ya walimu. Ya kwetu imechapishwa kwenye karatasi isiyong'aa, bila kioo, na nimeiangaza kidogo katika sehemu za giza kwa sababu ofisi ile huwashwa taa mara chache. Sasa katibu ameuliza gharama ya kuzichapisha upya na nyingine zote.